Mkwe Wangu na Pikapu ya Kuvuta Sledi

Upuuzi huu nimeuona kwa macho yangu, sikuhadithiwa. Wanaume wazima wanakusanyika nje ya Joburg, shambani kwa Mzungu mmoja, kila mtu na pikapu yake. Wanaifunga mnyororo kwenye sledi, dude la chuma lisilo na magurudumu, lina mzigo juu unaosogea mbele kila gari likivuta, mpaka gari lishindwe. Aliyefika mbali ndiye bingwa. Kisha dude linarudishwa pale pale! Hakuna aliyehama, hakuna kilichouzwa. Moshi mweusi tu, unakohoa mpaka utapike.

Khatibu, mume wa binti yangu Najma, kaingia humo. Khatibu wa Pongwe, aliyehamisha makabati ya watu kwenye maghorofa ya Joubert Park mpaka bega likapinda, na hajavunja kioo cha mtu. Pikapu yake ya kazi ilipochoka, tukamfuata yadi ya magari kuchagua nyingine.

"Chukua dabo kebini, ile yenye viti vya nyuma," Najma akamwambia. "Mama apate pa kukaa."

"Dabo nzito. Singo ina bodi ndefu, naweka uzito ninapotaka. Sledi haitaki viti."

"Na Mama?"

"Viti viwili vipo. Yeye mbele na mimi, wewe nyuma."

Kwetu Tanga mkwe hukai naye bega kwa bega, hata sahani moja hamli. Nikamwuliza, "Mwanangu nyuma na mizigo, mimi mbele na mumewe? Mke mwenza miye?"

"Mama, hapa Joburg," akacheka. Akachukua singo.

Siku ya mashindano akajaza matofali ya saruji nyuma, kama afanyavyo siku zote akiwa hana mzigo, gari lisiteleze. Sledi nayo ikakandamiza mkia. Pua ikainuka, usukani haushiki, gari likaenda upande kama kaa. Wakamzomea: "Eish, mjomba, uzito unawekwa mbele!" Basi ikawa kuchomelea vyuma kwenye bampa ya mbele, na nguo zinanuka dizeli mpaka kitandani. Kinyaa.

Ijumaa ikatokea msiba Yeoville, wa Mwatumu, shoga yangu tangu Tanga. Najma yuko saluni. Khatibu akanifungulia mlango wa mbele. Nikampita. Nikapandisha kiti cha plastiki nyuma, nikajitanda khanga, nikakaa.

"Mama, teremka, watu watanionaje?"

"Endesha."

Tulipofika mlangoni pa msiba, Adamu kinyozi akapaza sauti: "Khatibu! Unamhamisha mkweo? Mbona hukumfunga kamba?"

Wanaume wote wa Tanga waliokaa mkekani wakageuka. Khatibu hakushuka garini.

Tuliporudi akasema akitazama chini, "Mama, kesho naibadilisha. Nachukua dabo."

"Na sledi umeacha?"

Akajikuna. "Dabo ina uzito mbele, Mama. Itavuta vizuri zaidi."

Nikatema vumbi la njiani, nikapanda ngazi.