Vioo Vitano vya Dereva Asiyesikia

Habari za msiba zilinikuta Mkuyuni, nikichagua viazi. Muuza viazi aliponiambia kwamba jirani yangu wa zamani wa Butimba, yule dereva wa lori asiyesikia, amefariki, swali langu la kwanza lilikuwa la aibu. Niliuliza, "Gari gani?" Yaani gari gani limemgonga, au yeye kaligonga lipi. Mama yule alinitazama kama aliyekuta kitu kibaya ndani ya kiazi. "Gari gani tena, baba? Kafa kitandani kwake, asubuhi, amekwisha kunywa chai. Presha." Baadaye, msibani, niligundua kwamba karibu kila aliyefika alikuwa ameuliza kama mimi. Mtu kaendesha malori zaidi ya miaka ishirini bila kukanyaga hata kuku, na bado mji mzima ulikuwa umekwisha kumpangia kifo chake.

Masikio yake yaliisha kidogo kidogo ndani ya malori ya pamba ya chama cha ushirika, yale ya zamani ambayo injini hukaa jirani na goti la dereva na kunguruma njia nzima. Ilipoingia miaka ya tisini alikuwa hasikii honi, na kumwamkia kulikuwa na utaratibu wake: shikamoo ilitolewa mbele ya uso wake, akaiona midomo, ndipo akaitikia marahaba. Waliomwamkia kutoka nyuma waliondoka wakisema mzee anaringa. Kisha ushirika ukayumba, pamba ikawa ya kununuliwa na yeyote mwenye mtaji, malori yakapigwa mnada na madereva wakarudishwa nyumbani. Ufukweni mwa ziwa viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinachipuka, navyo vilitaka madereva wa kusomba barafu na samaki. Sisi wasomi tuliandika makala kuhusu soko huria. Yeye alivaa shati safi akaenda kuomba kazi.

Meneja wa kiwanda kimoja upande wa Ilemela alimwambia, akiivuta midomo ili aeleweke, "Mzee wangu, barabara ni masikio." Akajibu kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, "Basi nipe siku moja uone." Akapewa siku moja, bila ahadi ya siku ya pili. Aliniomba nifuatane naye. Aliniita Mwalimu, ingawa sijawahi kushika chaki. Kwake kila aliyefika chuo kikuu alikuwa mwalimu, na sikumsahihisha kwa sababu nilipenda kuitwa hivyo. Nilidhani anataka kuazima masikio yangu. "Hapana," alisema. "Uje uwe shahidi. Ukinigusa bega hata mara moja, nimeshindwa."

Siku hiyo alifika kiwandani na vioo viwili na waya mfukoni. Lori lilikuwa na vitatu. Yeye akaongeza kimoja kilichotoka kwenye basi bovu na kingine cha kunyolea ndevu, akavifunga taratibu huku meneja akitazama saa. Madereva wengi wetu hurudi nyuma kwa kusikiliza utingo anavyopiga bodi kwa kiganja. Yeye alishuka, akatembea hadi nyuma ya lori, akaangalia, akapanda, akarudi. Nilikaa katikati yake na meneja, nimekalia mikono yangu miwili isije ikajisahau.

Tulipokaribia reli ya Mkuyuni akasimama. Nyuma yetu honi zikaanza, na kondakta wa basi akachomoza kichwa: "Mzee, unasubiri treni ikuamkie?" Meneja akamwelekea akamwonyesha reli tupu. "Hakuna treni! Twende!" Mkono wangu wa kulia ulitoka wenyewe chini ya paja, nikaurudisha. Mzee alinyoosha kidole, si kwenye reli, bali kando yake, ambako akina mama walikuwa wametandaza mafungu ya nyanya. Walikuwa wanayakusanya. "Waulize wale," alisema. "Wakikusanya nyanya bila mvua, kuna kitu kinakuja." Hatukumaliza kubishana. Treni ya mizigo ikatokea nyuma ya mawe na kupita mbele yetu, behewa baada ya behewa, na kondakta akarudisha kichwa chake ndani.

Ilipokwisha kupita, mzee alishuka, akatazama pande zote mbili, akapanda. Kabla ya kuondoka akamuuliza meneja, "Yule mwenye pikapu nyeupe ametufuata tangu kiwandani. Ana haraka, au ni wa kwenu?" Meneja alikohoa. Ni yeye aliyemtuma dereva wake atufuate, kisha apige honi ghafla ili aone mzee atafanya nini. Tulipovuka tu, mzee akasogea pembeni akampungia mkono apite, na yule bwana, aliyeamriwa kupiga honi akiwa nyuma, akaipiga akiwa mbele. Meneja alicheka hadi akafuta macho. Kazi ikapatikana.

Mimi wakati huo nilikuwa na gari langu la kwanza, mtumba kutoka Japani. Nilifunga vioo vumbi lisiingie, nikafungulia kaseti, nikaamini kwamba nasikia. Wiki chache baadaye, kwenye reli ile ile, mama mmoja mwenye ndoo ya nyanya alilipiga boneti langu kwa kiganja kwa nguvu zake zote. Nilikanyaga breki nikitaka kumgombeza, na treni ikapita nilipokuwa naelekea. Nilipomsimulia mzee alitikisa kichwa. "Mwalimu, mimi ni kiziwi na ninajua. Wewe hujui."

Siku ya mazishi tulipitia Mkuyuni. Jeneza lilikuwa kwenye lori lile lile la kiwanda, na dereva wake alikuwa yule yule wa pikapu nyeupe, sasa mwenye mvi, na vioo vilikuwa bado vitano, viwili vimefungwa kwa waya. Kwenye reli alisimama. Akashuka, akatazama kushoto, akatazama kulia, akawatazama akina mama wa nyanya. Msafara mrefu ulikuwa nyuma yake, nami ndani yake na gari langu, jua kali, na hakuna hata mmoja aliyepiga honi.

Nimesoma miaka mingi kuliko mzee yule na nimejua machache kuliko yeye kuhusu mambo ninayoyakosa. Yeye aliujua upungufu wake kwa jina, akaufungia kioo. Sisi wenye masikio mazima tunaendesha tukiyategemea, huku tumeyaziba wenyewe. Niliteremsha kioo, nikazima kaseti. Akina mama walikuwa wamekaa, mafungu yao yametulia chini. Nikavuka.