Nazi ya Mwendesha Baiskeli

Mwendesha baiskeli ya magurudumu matatu anayengoja wageni mbele ya kibanda changu cha maua, hapa Penang, ni Mchina mwenye vigimbi vigumu kama vifuu na sauti ya mnadi samaki. Akipita msikitini huiziba kengele yake kwa kiganja. Akifika hekalu la Kichina huigonga mara tatu. Mgeni akisema, "Rudia, nikupige picha," hurudi nyuma akapita tena, hata mara nne, huku anacheka.

Jana, katika maandamano ya sikukuu yetu Wahindu, gari la madini ya fedha lililobeba sanamu ya mungu wetu Murugan lilipokaribia, alikunja suruali, akaokota nazi kwenye rundo la zile zinazopasuliwa mbele ya mungu kuomba baraka, na kuitikisa sikioni.

"Mjomba, ya mwaka jana ilidunda kama mpira," nikamtania.

"Na mkosi wake nimeula mwaka mzima, dada. Leo lazima ipasuke kwa pigo moja."

Akaiinua juu ya kichwa. Akaibamiza barabarani, ikasambaratika, maji yakaturukia usoni, mtaa mzima ukashangilia.

Abiria wake, mtalii mmoja wa kike, alikuwa bado anahangaika na kamera. "Mzee, rudia, sikuwahi."

Akalamba maji ya nazi mkononi, taratibu. "Hii hairudiwi, mama. Aliyepaswa kuiona ameshaiona."