Chiriku Aliyebadilishwa kwa Sofa

Chiriku alipoambiwa kwamba kituo chake cha televisheni kimekubali kumwachia aende kwa wapinzani wao, na kwamba malipo ni sofa kuukuu, alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akanuna. Halafu akauliza kama sofa lenyewe ni la watu wawili au watatu.

"La watatu," mkurugenzi akamjibu bila kutabasamu. "Usijishushe."

Kicheko kile kilikuwa cha furaha, tusimung'unye maneno. Mtangazaji huyu wa mpira, mwenye mdomo usiojua likizo, alikuwa amezoea kutangaza ubavuni mwa Kipa, golikipa mstaafu wa maneno machache. Chini ya meza walikuwa na utaratibu wao: Kipa akitaka kusema, alimgonga mwenzake gotini, naye Chiriku aliimeza sentensi yake hata ikiwa nusu. Kisha wapinzani wakamnyakua Kipa. Tangu hapo hakuna aliyemgonga Chiriku, kwa hiyo hakunyamaza, na watazamaji wakaanza kuzima sauti. Bila mkono ule kazi ilikuwa inamponyoka, na alijua.

Sofa nalo lilikuwa na mwenyewe. Marehemu baba yake mkurugenzi, aliyeanzisha kituo, ndiye aliyelinunua, na yeye bintiye alilala juu yake utotoni akimsubiri baba amalize kazi. Likaja kuuzwa kwa wapinzani kimakosa, pamoja na vifaa vya igizo moja la vichekesho. Wapinzani walipomtaka Chiriku, fedha zao mkurugenzi alizikataa. Alichotaka ni sofa.

Nyumbani, mke wa Chiriku aliyatazama masofa yao mawili ya sebuleni, akasema kumbe siku zote alikuwa na akiba ya waume wawili.

Makabidhiano yakapangwa siku ya fainali, kwa sharti moja la mkurugenzi: sofa lisipotoka kwenye jengo la wapinzani, Chiriku hatangazi. Likakwama mlangoni. Wapagazi walilisukuma, wakalivuta, wakalaumiana. Mpira ulikuwa karibu kuanza, na mkurugenzi amesimama nje, mikono kifuani, machozi yamemlengalenga.

Chiriku akavua koti. Mtu mzima akajitosa kubeba bei yake mwenyewe, huku akielekeza kila mtu: inua, shusha, kushoto, siyo kushoto kwako. Sofa likazidi kung'ang'ania. Ndipo mkono ukamgonga gotini.

Alikuwa Kipa, ameshuka kutoka studio na kuchutama upande wa pili wa mguu wa sofa. Chiriku akanyamaza papo hapo.

"Lisimamishe wima," Kipa akasema.

Likatoka. Mkurugenzi akaliketia palepale kwenye maegesho, akapangusa macho, akampungia Chiriku mkono aende zake.

Yeye na Kipa walipanda ngazi mbio. Taa nyekundu ikawaka, kipaza sauti kikawa hewani, na Chiriku, jamani, hakuwa na pumzi hata ya kusalimia. Alifungua mdomo, kikatoka kikohozi. Basi kwa mara ya kwanza maishani akapeleka mkono wake chini ya meza, akamgonga Kipa gotini.

Kipa, ambaye hajawahi kufungua matangazo, alikisogelea kipaza sauti.

"Watazamaji, karibuni," akasema. "Mwenzangu amerudi. Akipata pumzi mtamsikia. Mimi nimemkosa sana."