Fundo la Majani kwenye Mgomba

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine hapa Butembo wamezaliwa na miguu ya biashara, leo Kanyabayonga, kesho Kamango. Mimi nilizaliwa na makalio. Waasi walipotawala Beni na Butembo, vita ilinipa hata sababu ya kujisifu: wanaume waliotembea walikamatwa kubebeshwa masasi, mimi nilikuwa kwenye kiti changu nikichambua maharagwe. Mke wangu ndiye aliyetembea. Aliuza mafuta ya mawese Beni, na kila akirudi aliniuliza, "Baba batoto, haujaota mizizi bado?"

Siku ile hakuuliza. Aliweka bidoni ya mafuta chini, akasema, "Ndugu yako wa pori iko mu kasho ya Beni, banamufunga. Eti aliiba ndizi."

"Ndizi ya nani?"

"Ya kwako."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Baba aliniachia shamba la ndizi pembeni ya pori, upande wa Beni. Yeye na Mbuti mmoja, wale watu wafupi wa porini, walipatana zamani, kabla sijazaliwa: asali na nyama zitoke porini zije kwetu, ndizi zitoke kwetu ziende kwao. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyetaja bei. Mbuti akikata mkungu, alifunga fundo la majani kwenye shina lililobaki, ndiyo kusema: ni mimi, usimtafute mwizi. Wazee hao walipokufa, mwana wa yule, rika langu, akaendelea hivyohivyo. Kwa uvivu wangu mimi, ni yeye aliyelijua shamba lile. Aliwafukuza nguruwe wa porini, akaegemeza migomba iliyolala. Mimi nilikuwa mwenye shamba kwa jina.

Mke wangu alivyosikia, askari wa doria walimkuta na mkungu begani. Wakamuuliza kama ameukata. Akasema ndiyo. Shamba ni lake? Hapana, la ndugu yake. Mbuti mwenye ndugu Munande, mtu wa kabila letu! Walicheka mpaka walipoona lile fundo la majani. Hapo wakaacha kucheka, kwa sababu wakati ule askari waliogopa dawa kuliko risasi. Wakamfunga kwa wizi na kwa uchawi pamoja.

"Anakohoa," mke wangu akasema. "Chakula hapana gusa. Juma ijayo banamupeleka mu gereza kubwa. Mutu wa pori kule hapana rudi, Baba batoto. Unajua."

Nilijua. Kesho yake watoto wangu walitoka wote nje kunitazama nikipanda kamio, lori la mizigo, kama watu wanaotazama harusi.

Kwenye biro, yaani ofisi ya mpelelezi, mbele yangu kwenye benchi alikaa mfanyabiashara mmoja na mwanawe. Mwana alikuwa amekamatwa akiwa na mbuzi wa jirani, kamba mkononi. Mpelelezi, mtu wa mbali aliyekuja na waasi, alimsikiliza baba kwa heshima.

"Ni utoto, muzee. Mumufundishe tu."

Utoto wenyewe ulikuwa na ndevu. Ukatoka ukipiga mluzi.

"Na wewe, vieux, wewe muzee?"

"Mimi ni mwenye shamba la ndizi. Sikuibiwa kitu."

"Mais, lakini alikubali mwenyewe."

"Alikubali kukata, komanda. Kwetu ile hapana wizi. Alifunga majani. Mwizi gani anaacha alama?"

Akatazama kwenye kona ya chumba. Fundo lilikuwa pale, limefunikwa na ndoo, na juu ya ndoo wameweka jiwe.

"Mwizi mwenye dawa," akasema, "ni mubaya kuliko mwizi."

"Ni ndugu yangu."

"Ndugu yako anakufikia mu kiuno? Sikia, vieux. Mutoto wa ule commerçant, ule wa mbuzi, iko na nyumba, iko na baba, nitamupata. Huyu akitoka anaingia mu pori. Nitamutafuta na nani? Na nyani?"

Askari mlangoni wakacheka. Nikatoa Kifaransa changu cha sekondari, ambacho ni kama koti langu la harusi: lipo, ila halifungiki tena. Nikasema habari ya haki, ya desturi, ya baba zetu wawili. Aliningoja nimalize, kwa uvumilivu, kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Donc, basi wewe ni patron yake, bwana yake? Kama ni mutu yako, chukua mutu yako. Akifanya tena, nafunga wewe. Kama ni ndugu yako, abakie."

Kasho ilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao. Tangu nilipoingia nilisikia kikohozi chake. Sasa kikohozi kilinyamaza.

"Ni mutu yangu," nikasema.

"Kwa nguvu. Hawa nao basikie."

"Ni mutu yangu!"

Wakamtoa. Alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa. Mkungu wetu hatukurudishiwa. Maganda yalikuwa yametupwa kwenye ngazi ya biro, tukayaruka. Barabarani nikamwambia twende tule kwanza. Akatikisa kichwa, akashika njia ya pori bila kugeuka.

Mvua zilipoisha nikaenda shambani, mimi mwenyewe. Mke wangu alisema sasa nimejifunza kutembea, bado kuacha kunyonya tu. Mchana ule ndugu yangu akatoka porini, panga kwapani. Akafika pale majani ya pori yanapoishia, akasimama. Nikangoja apite, kama alivyopita miaka yote, anitanie kwamba migomba yangu imelala kama mimi.

"Patron," akasema, "naweza kata moja?"

Nikamwonyesha mkungu uliokomaa.

"Kata."

Akakata. Akaubeba mkungu begani, akanishukuru, akaondoka. Nikasogea kutazama lile shina. Lilikuwa linatoa maji, tupu. Hakufunga kitu.