Mama Alipokula kwa Bibi Milembe

Utotoni mwangu, kijijini kwetu Shinyanga, macho mekundu ya mwanamke mzee yalikuwa ushahidi tosha wa uchawi. Kuni zilikuwa zimekwisha porini, kwa hiyo tulipikia miti ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na moshi wake uliwasha kama pilipili. Aliyeinamia moshi ule maisha yake yote, macho yake yangekuwaje? Leo nauliza swali hilo kwa urahisi. Wakati ule sikumsikia mtu akiliuliza.

Bibi Milembe alikuwa jirani yetu, mjane asiye na mtoto aliye hai. Aliishi peke yake ng'ambo ya ua wetu wa minyaa, na kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa. Alizoea kutuita watoto na kutugawia karanga za kukaanga. Tulizila bila wasiwasi mpaka mdogo wangu Masanja alipofariki.

Masanja alipata homa, ikageuka degedege, akafia mikononi mwa mama wakati baba anahangaika kutafuta usafiri wa kwenda zahanati. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Pale kaburini aliomba yeye mwenyewe, kwa maneno mazuri yaliyowaliza hata wanaume. Matanga hayajaisha, akaazima baiskeli akaenda kwa mganga.

Aliporudi, mimi na mama tulikuwa uani tunachambua choroko.

"Amesemaje?" mama aliuliza.

"Kuna mkono wa mtu. Mwanamke mzee, wa karibu, macho mekundu."

Mama akainua uso. Kwa kilio na moshi, macho yake yalikuwa yameiva. "Na haya yangu, Baba Leah, unayaonaje?"

Baba akakasirika. Alimuuliza kama anataka kumfundisha dini, yeye mzee wa kanisa.

"Sikufundishi," mama alisema. "Nimeambiwa nimpende jirani yangu. Sikuambiwa nimngoje mganga aniruhusu."

Habari za ramli hazikai mfukoni. Kabla ya Jumapili kijiji kizima kilikuwa kinajua, na vidole vyote vilimwelekea Bibi Milembe. Na sisi watoto tulikuwa tumeambiwa tangu zamani kwamba mama akila chakula cha mchawi aliyemuulia mtoto, tumbo litamvimba naye atamfuata mwanawe. Nililiamini jambo hilo kama nilivyoamini kwamba jua litakuchwa.

Jumapili hiyo, ibada ilipokwisha, mama aliniacha njiani na kuingia kwa Bibi Milembe, watu wote wakitazama. Nilishika ua wa minyaa nikachungulia. Bibi alikuwa ameketi na ugali wake na mlenda. Mama alisalimia, akakaa chini, akanawa mikono.

"Usile, mayu," Bibi alimwambia. Mayu kwa Kisukuma ni mama. "Ukiumwa hata kichwa, watasema nimekumaliza na wewe."

"Shikamoo yangu umeipokea, chakula utaninyima?"

Mama akamega tonge, akachovya, akala. Bibi Milembe akajifunika uso kwa khanga, akalia. Mimi nilikojoa pale pale nilipokuwa nimesimama.

Nzengo, yaani umoja wa majirani, ikatutenga. Mama alipofika kisimani wanawake walibeba ndoo zao wakaondoka, hata wale wa kwaya. Usiku nilimwekea mkono tumboni nione kama limevimba. Halikuvimba. Nikaanza kupumua.

Kisha mvua zikaanza, na mama akashikwa na malaria.

Ilikuwa malaria ile ile iliyolaza nusu ya kijiji kila masika, lakini nani angesikia? Alipopandishwa kwenye baiskeli kupelekwa zahanati, anatetemeka, meno yanagongana, alimshika baba shati. "Baba Leah, waambie ni malaria. Ukisema wewe watakusikia. Niahidi."

"Nenda upone," baba alimjibu. "Mungu yupo."

Shangazi alikwenda kumuuguza. Tukabaki mimi na baba. Jioni ya pili, jua bado halijazama, wanaume wakapita nyuma ya nyumba yetu na mapanga. Wawili niliwafahamu, tulisali nao. Baba aliwaona. Alinivuta ndani, akafunga mlango, akapiga magoti, nami akanipigisha. Akaanza kuomba.

Bibi Milembe alipiga kelele mara ya kwanza bila maneno. Halafu akaita, "Baba Leah! Baba Leah, nisaidie!" Baba akapandisha sauti. Aliomba kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akimwomba Mungu atufunike sisi na nyumba yetu. Ile sauti ya ng'ambo ya minyaa ikanyamaza. Yeye akaendelea.

Mama alirudi akiwa mwembamba, hajapata nguvu, akakuta jivu pale palipokuwa na nyumba ya jirani yake. Aliuliza nani amemwosha maiti. Hakuna. Alifukiwa kama alivyokutwa. Mama akageuka kwa baba.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ndani. Nilikuwa naomba."

Mama akachukua jembe. Alikwenda kwenye lile tuta la udongo, peke yake, akalisawazisha kwa jembe, akapanga mawe pembeni. Kazi ndogo ile ilimchukua hadi jioni, maana kila mara ilibidi aketi.

Baba aliendelea kuwa mzee wa kanisa mpaka kifo chake, na alizikwa kwa heshima nyingi. Mimi sasa ni mtu mzima, nashona nguo Katoro. Niliwahi kumuuliza mama kama lile tonge halikumponza Bibi Milembe.

"Najiuliza kila siku," alisema. "Labda lilimponza. Lakini kumwacha ale peke yake, watu wote wanamkimbia, na mimi nimeamriwa nimpende? Hapana. Ningeingia tena."

Sikupata faraja katika jibu hilo, na sidhani kama yeye aliipata. Utii wake haukumwokoa mtu. Hata hivyo, katika kijiji chote kile kilichoimba na kulia na kusema amina, ni kwake tu nilikoona kwamba maneno ya Yesu yalichukuliwa kuwa amri.

Siku hizi mtu akisimama kanisani kwetu kushuhudia wokovu wake, machozi yanamtoka, nami huitikia amina. Ila moyoni nangoja nimwone siku jirani yake atakaponyooshewa kidole. Najingoja na mimi mwenyewe. Sijawahi kuitwa jina langu kutoka ng'ambo ya ua, na sijui kama ningefungua mlango.