Vyura wa Bualai na Mkono Usiojua Kutosha

Bualai, jirani yangu hapa mkoani Yasothon, alifuga vyura mia mbili kwenye tangi la saruji nyuma ya nyumba, na wote walikuwa wa mtu mmoja. Binti yake, Phikun, anashona nguo kiwandani karibu na Bangkok. Miaka mitatu hakuonekana. Mwaka huu alipiga simu: "Mama, mwezi wa nne, sikukuu ya maji, nakuja. Nataka mchuzi wa vyura, wale wanono."

Basi ndugu zangu, mama akasikia neno "wanono" tu.

Chura hali kitu kisichotikisika. Lakini punje za chakula cha dukani huelea, na maji yakicheza nazo hucheza, naye hudaka. Bualai hakuridhika na chakula cha chura. Alinunua kile cha vifaranga vya kambare, kina mafuta zaidi, akawa anamwaga mara tano kwa siku. Kweli walikua! Kwa majuma matatu walikuwa kama ngumi.

Kisha wakaacha kuruka. Matumbo yakavimba, wakaelea kama mipira. Asubuhi moja akakuta saba wamekufa.

Akamwita Samran, mfugaji wa siku nyingi. Samran akampasua mmoja. Ini lilikuwa limepauka, la njano kama kiini cha yai.

"Dada, hawa umewalisha au umewajaza upepo kama matairi?"

"Walikuwa wanakula, kaka!"

"Chura atakula mpaka apasuke, hajui kushiba. Wa kujua kutosha ni mkono wako." Akanawa. "Siku mbili wasile kitu. Badilisha maji. Halafu chakula chao wenyewe, asubuhi kidogo na jioni kidogo, na minyoo ukipata."

"Sikukuu watakuwa tayari?"

"Sikukuu? Mwezi wa sita, labda. Hao waliovimba usimpikie mtoto."

Siku mbili zile vyura walilia njaa, naye Bualai akizunguka tangi huku mikono ameificha kwapani. Siku ya tatu akapiga simu.

Kwetu mtu hasemi nimekukumbuka. Anauliza umekula nini.

"Umekula nini, mwanangu?"

"Tambi za pakiti. Mama, msimamizi anatuomba tubaki kazini sikukuu. Vyura wanaendeleaje?"

Kusema uongo kungekuwa rahisi. "Niliwalisha kupita kiasi, wakaugua. Hawatakuwa tayari mpaka mwezi wa sita."

"Basi labda nije huo mwezi wa sita. Wakishapona."

Bualai alikaribia kujibu "sawa".

"Nimekukumbuka," akasema. "Njoo bila chura."

"Mama! Una homa?"

"Sina. Njoo."

Alikuja, siku mbili tu. Walikula samaki wa kuchoma na wali wa kunata, wakamwagiana maji mpaka mama akapiga chafya. Kabla ya kupanda basi, Phikun aliinama juu ya tangi. Vyura walikuwa wembamba sasa, wakaruka kumkimbia.

"Wataiva lini hawa?"

"Kwa mwendo wao."

Jioni hiyo nilimwona Bualai kachota konzi moja ya punje. Akaitazama, akarudisha nusu kwenye gunia, kisha akasimama pale muda mrefu, uso ameuelekeza barabarani.