Nilivyoitetea Bima Huku Natetemeka

Kabla watu wa Kariakoo hawajawaongezea chumvi, nisikilizeni mimi mwenyewe. Kampuni yetu ya bima pale Mchafukoge ilinituma mimi, bingwa wa maneno, nyumbani kwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Nimshawishi aupinge mswada wa kuzilazimisha kampuni za bima kuwalipia wagonjwa dawa.

"Shikamoo, Mzee. Dawa ni rahisi, kila mtu anaimudu," nilihubiri, huku homa iliyonianza asubuhi ikinitetemesha hadi chai ikanimwagikia suruali.

"Mwanangu, hiyo ni malaria. Umemeza dawa?"

"Bado, Mzee. Nangoja mshahara."

Mjumbe akageukia jikoni. "Mama Asha, lete kwinini na blanketi! Mtetezi wa bima anatufia sebuleni!"